Mwenye Mkanda Hasalimii

Harufu ya nailoni inayoungua ni mbaya kuliko ya manyoya ya kuku. Inapanda puani, inakaa kooni, na ukinywa maji inakuwa imeshaweka kambi. Mwezi uliopita nilikuwa uani kwa baba, hapa nje kidogo ya Bariadi, nikigusisha ncha ya mkanda kwenye kaa la moto ili nyuzi zisifumuke. Kabla moshi haujaisha nikawa tayari nina miaka tisa, viganja vimelowa jasho, nasikia udongo ukiporomoka kisimani.

Nilikuwa nashona mkanda wa kumnyanyulia baba. Kiharusi kimemlaza upande wa kushoto, na mama hawezi tena kumtoa kitandani kwa mikono mitupu. Fundi wa mabegi wa pale stendi alisema angenitengenezea siku hiyohiyo, nikamkatalia. Kwetu kazi hii haifanywi na mtu baki. Baba mwenyewe, ingawa ulimi umekuwa mzito, alikuwa akinisimamia kutoka kitandani kupitia dirishani. Kila nilipopitisha mkanda kwenye chuma cha kubania alitoa neno moja tu: "Rudisha." Maana mkanda ukipita kwenye chuma mara moja utateleza; lazima uurudishe tena ujikabe wenyewe. Mtu amesahau majina ya majirani, lakini hilo hajalisahau.

Nilipokuwa mdogo baba alikuwa mpakiaji kwenye ghala la pamba la ushirika. Kisha tukaambiwa soko limekuwa huria. Malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kuja msimu wa pamba, kila moja na rangi yake na mzani wake, ghala likafungwa kufuli, na popo wakahamia humo. Baba alikaa nyumbani wiki nzima akiangalia kuku. Wiki ya pili akaenda barabarani, akarudi na kitu kilichomfanya azungumze peke yake kama mlevi.

Ilikuwa mikanda. Malori ya zamani yalifunga mzigo kwa kamba za katani, lakini haya mapya yalikuwa na mikanda mipana ya njano na ya chungwa, yenye vyuma vya kukazia. Mkanda ukikatika kidogo, madereva waliutupa. Baba aliokota yote. Alikata vyuma vya kubania kwenye mabegi mabovu ya mitumba, akanunua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, akapaka uzi nta ya nyuki na kuanza. Alitengeneza mikanda ya kufungia mizigo kwenye baiskeli, mikanda ya kubebea madumu ya maji, mikanda ya shingoni kwa ng'ombe wa kulimia. Watu walikuja kutoka Sola hadi Mwamapalala. Mtu ambaye jana aliitwa "yule wa ghala lililofungwa" sasa aliitwa Fundi, na mgongo wake ukanyooka. Nilikuwa binti yake pekee, na kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya mkanda uvutike wakati yeye anashona. Nilijiona nusu fundi.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali, na pampu ya kijiji ilikuwa imekufa. Zamani fundi wa wilaya angekuja. Siku hizo tuliambiwa kila kijiji kijitegemee. Mama alikwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto na kurudi jua likiwa limeshaunguza. Baba akaamua kuchimba kisima uani. Udongo wetu ni wa mbuga, mweusi, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mguu, na ukuta wa kisima unaweza kukudondokea bila salamu. Kwa hiyo kabla hajafika chini sana alijishonea mkanda wa mwili: mmoja mpana kiunoni, miwili mapajani, miwili mabegani, yote ikikutana kwenye pete nene ya chuma. Kutoka kwenye pete ulitoka mkanda mrefu wa njano, ukapanda hadi juu, ukazungushwa mara tatu kwenye gogo la mkwaju alilolichimbia pembeni, na mkia wake akanipa mimi.

Kwenda chini na kupanda alitumia vidato alivyovichonga ukutani. Mkanda ulikuwa wa kumdaka kama kidato kingevunjika. Akishuka, mimi nalegeza. Akipanda, mimi navuta.

"Usiachie mpaka nitoke," aliniambia.

Basi. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza. Lakini nilikuwa nimemsikia mara mia akikisifu kile chuma mbele ya wateja, akikigonga kwa kucha: "Hiki kinashika lori zima la pamba. Kitashindwaje kumshika ng'ombe?" Nami kwa akili zangu za miaka tisa nikajua kwamba kinachomshika baba ni chuma. Mkia wa mkanda nilipewa kama mtoto anavyopewa kijembe kidogo shambani, ili asisumbue na ajione analima.

Sasa nimlete baba mkubwa. Ni kaka yake baba, wa Mwamapalala, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, na salamu aliipenda kuliko nyama. Kwetu mtoto wa kike humsalimia mkubwa kwa kupiga magoti na kumpa mikono miwili mitupu. Kuna wakati alitukuta mimi na baba tukishona, nami nimeshika ncha. Nikamwamkia kwa kuinamisha kichwa tu. Baba, ambaye akishika shazia hasikii hata radi, hakuona kitu. Lakini baba mkubwa alimfuata mama jikoni.

"Mayu," akasema, yaani mama, "huyu mtoto mnamlea au mnamfuga?"

Mama alikosa pa kuuweka uso.

"Heshima si utumwa," akaendelea. "Kesho ataolewa, watu watasema ametoka ukoo gani?"

Alipoondoka, mama alinishika sikio, akalisokota taratibu. "Sikiliza, Kabula. Ukimwona baba mkubwa, hata kama umeshika nini, weka chini. Piga magoti. Mikono miwili. Umenielewa?" Nilielewa vizuri sana.

Siku chache baadaye, alasiri, baba alikuwa chini, kina cha watu sita. Ndoo za mwisho zilikuwa zimetoka na tope, si vumbi, na mama alikuwa akicheka peke yake. Alikuwa amekwenda kumwaga ndoo nyuma ya zizi.

"Napanda!" baba akapiga kelele kutoka chini.

Nikaanza kuvuta. Pumzi yake ilikuwa inakuja karibu, vidole vya miguu vikikwaruza ukuta. Ndipo nikasikia baiskeli ikiegeshwa kwenye ua wa minyaa. Baba mkubwa alikuja moja kwa moja, akasimama mbele yangu. Niliona katambuga zake za matairi kwanza, kisha fimbo. Mdomo wa kisima ulikuwa umefichwa na lundo la kifusi. Sidhani kama alijua nani yuko ndani, wala kwamba kile nilichoshika kilikuwa na mtu upande wa pili.

"Mwadila, Kabula," akanipa salamu ya Kisukuma ya mchana.

Nilitazama nyuma ya zizi. Mama haonekani. Nilitazama mkanda. Nakumbuka kabisa nilichofikiri: chuma kiko huko chini na baba, kinamshika. Sikio langu bado lilikuwa na joto la vidole vya mama. Basi nikaulaza mkia wa mkanda chini, kwa adabu, kama mtu anavyoweka mwiko, nisiuchafue. Nikapiga magoti. Nikatoa mikono miwili.

"Mwadila, baba."

Akaipokea. Alifurahi, niliona meno yake, jambo lisilo la kawaida. "Mhola?" akauliza, yaani ni salama?

"Mhola," nikajibu.

Neno halijamaliza kutoka, kidato kikavunjika.

Sikusikia baba akipiga kelele. Nilisikia mkanda. Ulizunguka kwenye gogo ukifoka kama nyoka, na moshi ukapanda, na harufu ile ikaja. Mama alitokea sijui wapi, ndoo ikaruka huku, yeye akaukumbatia mkanda kwa mikono yote miwili. Ulimvuta akapiga goti, ngozi ya viganja ikabaki kwenye nailoni, lakini hakuachia. Mkanda ukasimama. Ila baba alikuwa ameshafika chini, mguu wa kulia ukiwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Baba mkubwa alikuwa bado ameshika mikono yangu. Aliitazama, akaiachia kama imemchoma.

Walimtoa kwa mkanda uleule. Majirani sita walivuta, na hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Wakamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakaenda naye hospitali. Watu walipouliza, mama alijibu, viganja vyake vimefungwa khanga: "Mkanda uliteleza." Baba mkubwa alikuwa pale. Alitazama ncha ya fimbo yake, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Baba alirudi amefungwa hogo la plasta hadi pajani. Tulikuwa tumeogopa wangeukata mguu, kwa hiyo siku hiyo mama alichinja jogoo. Lakini baba hakula vizuri. Alisema, "Nileteeni ule mkanda."

Akaanza kuufumua. Wembe mkononi, uzi mmoja baada ya mwingine, akitafuta alipokosea. Alikuwa na usemi wa mama tu wa kushika: mkanda uliteleza. Mkanda wa fundi hautelezi hivihivi. Basi chuma kililegea, au mshono, au hakurudisha. Aligeuza kile chuma juani asubuhi hadi jioni. Nilikaa karibu naye nikichambua choroko, na kila uzi uliokatwa niliuhesabu.

Habari zilisambaa. Mtu mmoja wa Sola alirudisha mikanda ya ng'ombe wake wa kulimia. Hakugomba. Aliiweka tu chini, akasema, "Fundi, ng'ombe wangu ni wawili tu." Baba akaipokea, akamshukuru. Baada ya huyo wakaja wengine. Neno Fundi likaanza kupotea midomoni mwao, wakarudia jina lake la zamani, nami nikaona mgongo wake ukirudi kupinda kama siku za popo ghalani.

"Mama Kabula, nimekosea wapi?" alimuuliza mama siku moja.

Mama akanitazama. Macho yake yalisema: funga mdomo. Baadaye nilielewa hofu yake. Mvua zilikuwa zinakaribia, baba hawezi kulima, na ng'ombe wa kutulimia wangetoka kwa baba mkubwa. Ndugu wawili wakigombana, tungekula nini? Lakini mimi sikufikiria mvua. Nilimchukia baba mkubwa kwa kunyamaza kwake, na nilijichukia mimi zaidi.

Kisha ikaja siku ambayo baba alisema basi. Aliagiza mikanda yote irundikwe uani: iliyorudishwa, ambayo haijauzwa, na vipande vya ule wa kwake. Akaniambia, "Kabula, lete kaa la moto. Nisije nikaua mtoto wa mtu."

Nilikwenda jikoni. Nikachukua kaa kwenye kigae, nikarudi nalo. Kutoka jikoni hadi uani ni hatua ishirini, na sijawahi kutembea safari ndefu kuliko hiyo. Nilifika mbele yake, kaa likicheza kwenye kigae.

"Weka hapo," akasema, akionyesha rundo.

"Niliachia."

"Uliachia nini?"

"Mkanda. Baba mkubwa alinisalimia. Nikauweka chini, nikapiga magoti."

Mama aliacha kupepeta.

"Ulikushinda nguvu," baba akauliza polepole, "au uliuweka chini?"

"Niliuweka chini."

Akachukua kile chuma, akakigeuza. "Kwa hiyo hiki hakikuachia?"

"Hapana."

"Wala uzi?"

"Hapana, baba."

Akacheka. Cheko fupi, la kukwama, na machozi yakamtoka palepale. "Mama Kabula, umesikia? Uzi wangu haukukatika!" Nakiri niliudhika. Nilikuwa nimejiandaa kwa bakora, nimejiandaa hata kufa, na mwenzangu anasherehekea uzi. Lakini kisha alinivuta, akanikalisha kando ya hogo lake, na uso ukabadilika.

"Nilikwambia usiachie. Sikukwambia kwa nini. Hilo ni langu." Akazungusha kipande cha mkanda kwenye gogo, akafunga upande mmoja gunia la mbegu za pamba, akanipa mkia na kumwambia mama alisukume gunia ndani ya kisima. Mkanda ukanivuta hadi nikapiga kelele. "Chuma kinashika mkanda tu," akasema. "Mimi nilishikwa na wewe. Tangu siku ya kwanza. Ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Nililia sana, na wakati nalia bado nimeshika.

"Kuanzia leo mwenye mkanda hasalimii," baba akatangaza. "Akija hata mkuu wa mkoa." Kisha akachukua kaa lile nililolileta la kuchomea rundo, akaanza kuchoma ncha za mikanda moja moja, zisifumuke. Moshi ulitukohoza sote watatu.

Sijui alizungumza nini na kaka yake. Najua tu kwamba mvua zilipokuja, ng'ombe wa baba mkubwa walikuja pia, na hapakuwa na ugomvi. Kiangazi kilichofuata baba alishuka tena kisimani, mguu ukichechemea. Mama alitaka kushika yeye. Baba alikataa, akanipa mimi mkia. Siku tatu nilisimama pale bila kumsalimia mtu, na siku ya tatu maji yakaja. Wateja nao wakarudi pole pole, yule wa Sola akiwa wa mwisho, na kuku mkononi.

Lakini baba mkubwa alinibadilikia. Akinikuta nina ndoo kichwani, au jembe, au baadaye mwanangu mgongoni, alisimama pembeni, akatazama kwingine, kimya. Siku nyingine alinisalimia vizuri tu, nikasema basi ana siku zake, kigeugeu. Nilijua ananichukia kwa kumtaja. Siku ya harusi yangu nilisimama na maua mkononi mbele ya ukoo mzima, akapita mbele yangu bila neno. Hilo nililiweka moyoni miaka mingi, na wala sikulitafutia dawa.

Sasa turudi mwezi uliopita. Mkanda ulipokwisha tuliujaribu. Niliupitisha juu ya kenchi ya paa, nikauzungusha mara tatu kwenye nguzo ya kati, mama akashika miguu ya baba, nami nikavuta. Baba akanyanyuka, mwepesi kuliko nilivyotaka awe, akaning'inia kati ya kitanda na kiti akinitazama kwa jicho lake zima.

Ndipo mlango ukaingia giza. Baba mkubwa, mzee sasa, na fimbo yake. Magoti yangu, nina zaidi ya miaka arobaini, yalianza kukunjika yenyewe. Nikayakaza. Nikangoja "Mwadila" inichome.

Haikuja. Alisimama kizingitini, mdomo umefungwa, hata kikohozi alikizuia. Nilimshusha baba taratibu, kidogo kidogo, mpaka akakaa. Nikafungua chuma. Nikafuta jasho la viganja kwenye khanga.

"Mwadila, Kabula," akasema hapo hapo.

Hasira ya miaka thelathini ikanipanda. "Baba mkubwa, muda wote huo umesimama mlangoni kimya?"

"Ulikuwa umeshika."

Sikuelewa, akaona sikuelewa.

"Tangu siku ile, ng'wanone, mwanangu, simsalimii mtu aliyeshika kitu. Nangoja aweke chini mwenyewe. Watu wanasema nina majivuno. Waache waseme."

"Hata siku ya harusi yangu? Nilikuwa nimeshika maua tu!"

"Nilijuaje yamemshika nani?"

Baba alicheka kwenye kiti, kwa nusu ya mdomo. Mama akageukia ukutani. Mimi nikapiga magoti kwenye sakafu ileile, nikatoa mikono yote miwili, na mzee akaipokea kwa yake yote miwili.

"Mhola?" akauliza.

Niligeuza kichwa kwanza. Baba alikuwa amekaa, miguu yote miwili chini. Ndipo nikajibu.

"Mhola."